Mpanda inatanuka: Shamba linapokatwa viwanja, nani anaiacha barabara?

WATU wanne wamesimama kwenye mabua ya mahindi, nje kidogo ya mji wa Mpanda: mwenye shamba, dalali, mnunuzi na shahidi wa upande wa serikali ya mtaa. Futi kamba haipo. Dalali anaanzia kwenye shina la mwembe, anahesabu hatua kwa sauti, akifika ishirini anachomeka kijiti. Anakata kona, anahesabu ishirini nyingine. Kona ya nne ikifungwa, kiwanja kimepatikana.

Mauziano yanaandikwa kwenye karatasi ya daftari, pande zote zinatia saini, fedha zinahesabiwa, muhuri unagongwa. Mnunuzi anaondoka na kiwanja chake, mwenye shamba anabaki kumsubiri mteja wa kijiti kinachofuata.

Katika hesabu yote hiyo, kitu kimoja hakikupigiwa hatua hata moja: barabara.

Hivyo ndivyo mitaa mipya ya pembezoni mwa Mpanda inavyozaliwa, na ndivyo ilivyozaliwa mitaa mingi ya miji yetu. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Ardhi ni ya muuzaji, fedha ni za mnunuzi, mashahidi wapo. Lakini viwanja kumi vikiuzwa kwa mtindo huo, kisha ishirini, kisha hamsini, shamba linageuka mtaa usio na njia ya kupitisha gari la wagonjwa, bomba la maji, nguzo ya umeme wala jeneza.

Mkoa ulioongezeka maradufu

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 564,604 katika mkoa mzima. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,152,958.

Hilo ni ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, kubwa kuliko la mkoa wowote nchini. Wastani wa taifa kipindi hicho ulikuwa asilimia 3.2. Manispaa ya Mpanda yenyewe ilitoka wakazi 102,900 mwaka 2012 hadi takribani 245,000 miaka kumi baadaye.

Hawa si watoto waliozaliwa tu. Wengi wamehamia. Wapo wafugaji na wakulima wa Kisukuma waliotoka Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Tabora wakifuata malisho na ardhi ya mpunga. Wapo Waha kutoka Kigoma na Wafipa kutoka Rukwa, wakaungana na wenyeji Wabende, Wakonongo na Wapimbwe. Wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, wafanyabiashara wa mahindi na mchele, na watumishi wa umma walioletwa na hadhi ya makao makuu ya mkoa.

Barabara zimewasogeza zaidi. Zamani safari ya Mpanda kwenda Tabora wakati wa masika ilikuwa ya kuombeana dua. Sasa kuna lami kwenda Tabora na lami kwenda Sumbawanga, na upande wa magharibi imejengwa Bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika.

Ili msomaji apate picha ya ukubwa wa jambo hili: Dar es Salaam ya sensa ya mwaka 1967 ilikuwa na watu takribani 270,000. Mpanda ya leo imekaribia pale Dar es Salaam ilipokuwa miaka sita baada ya Uhuru, wakati sehemu kubwa ya maeneo tunayoyajua leo kwa msongamano bado ilikuwa mikorosho, minazi na mihogo.

> Mpanda ya leo imekaribia pale Dar es Salaam ilipokuwa mwaka 1967.

Mji wa reli na madini ya risasi

Mpanda yenyewe ni mji mchanga. Waingereza walitandika reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, ikafika Mpanda mwaka 1950. Haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa kubeba madini ya risasi kutoka mgodi wa kampuni ya Uruwira Minerals, na mji ukakua kuuzunguka mwisho wa reli hiyo.

Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Reli ilibaki, na watu wakabaki.

Ukienda nyuma zaidi, watu wa ukanda huu wamewahi kupangiwa pa kuishi mara kadhaa. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kuwahamisha wakazi wa magharibi mwa Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi maalumu kwa sababu ya malale. Miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji. Miaka hiyohiyo wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo, wakafyeka miombo, wakalima, wakazaa na kuzika. Wengi wao walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014.

Makazi hayo yote yalitoka kwa amri. Mtu alionyeshwa eneo lake akaambiwa hapa ndipo utakapoishi. Mitaa mipya ya Mpanda haina amri hiyo. Watu wamekuja kwa miguu yao na kwa fedha zao. Napenda uhuru huo na ningeutetea mbele ya yeyote. Ila aliyehamishwa kwa amri alikuta walau njia imekatwa. Anayehamia kwa hiari leo anakuta vijiti.

Kwa nini wanakwenda pembezoni

Sababu ya kwanza ni kodi ya nyumba. Mpangaji wa chumba kimoja katikati ya mji, anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, huota kitu kimoja: kulala kwake. Kata za kando kama Kakese, Mwamkulu, Kasokola, Magamba na Misunkumilo bado zina mashamba, na shamba likikatwa vipande, bei ya kipande hufikiwa hata na mwendesha bodaboda au mama anayekaanga samaki sokoni.

Halafu kuna namna ya kujenga. Tofali hufyatuliwa hapohapo kiwanjani na kuchomwa kwenye tanuru kwa kuni za miombo. Msingi unamwagwa baada ya mavuno ya mwaka huu, kuta zinapandishwa baada ya mavuno ya mwaka ujao, bati linapatikana mtu akicheza mchezo wa kupeana fedha na wenzake. Familia inahamia pagale lenye vyumba viwili vilivyoezekwa, pazia likiwa mlangoni. Kila mvua inayofuata inawakuta wamesogea hatua moja.

Maisha yenyewe yana raha zake, na waandishi wa mijini tunakosea tunapoyaeleza kama mateso matupu. Pembeni mwa nyumba pana mahindi, viazi vitamu na migomba. Kuku wanazurura, mbuzi wamefungwa kambani. Watoto wana pa kuchezea. Jirani wa kushoto anazungumza Kiha, wa kulia Kisukuma, na msiba ukitokea wote wanakutana kwenye turubai moja na sufuria moja. Jioni kuna upepo wa miombo ambao mtu wa chumba cha kupanga mjini hauoni.

Tena eneo hili si maskini wa mazao. Upande wa Mwamkulu na Kakese ndiko kwenye mpunga, karibu na Mto Katuma ambao maji yake hushuka hadi Hifadhi ya Taifa ya Katavi na kuwafikia viboko wake. Kila shamba linalokatwa viwanja upande huo ni mpunga uliopungua, na kila bonde linalojengwa ni maji yanayotafuta pengine pa kupita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kibinadamu za kudumu zikae mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Vijiti vya dalali havijui mita 60.

Kisima na choo havitoshani

Hapa naomba msomaji achukue kalamu.

Wakulima wetu huhesabu eka moja kuwa hatua 70 kwa 70. Ili hesabu hiyo itimie, kila hatua lazima iwe na sentimita kama 91, hatua ndefu ya mtu anayepima shamba lake mwenyewe. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Kiwanja kinachotajwa kuwa ‘ishirini kwa ishirini’, kikipimwa kwa hatua za kawaida, kinakuwa mita 15 kwa 15. Badala ya mita za mraba 400 mnunuzi amepata 225. Karibu nusu ya kiwanja imepotea kwenye miguu ya aliyempimia.

Tuseme kapata bahati, mita zake 20 zimetimia. Wataalamu wa afya ya mazingira hushauri kisima na choo cha shimo vitengane kwa mita 30 au zaidi. Chimba kisima kwenye kona moja ya kiwanja hicho, chimba choo kwenye kona ya mbali kabisa, mshazari. Umbali kati yao ni mita 28 na ushee. Yaani hata ukikiacha kiwanja kitupu, bila nyumba, kisima na choo havitoshani ndani yake.

> Hata kiwanja kikiwa kitupu, bila nyumba, kisima na choo havitoshani ndani yake.

Na majirani nao wamechimba. Choo cha wa nyuma kimegusa mpaka, kisima cha wa mbele kiko hatua chache kutoka hapo. Katika mtaa usiofikiwa na bomba, kisima cha kuchimba kwa mkono ndicho tegemeo, pamoja na madumu ya lita 20 yanayobebwa kwa baiskeli. Masika yakija, maji ya ardhini yanapanda na shimo la choo linajaa. Kipindupindu si hadithi katika mkoa huu.

Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mpanda, MUWASA, inaweza kuleta bomba, lakini bomba hupita mahali. Lisipokuwa na njia ya wazi, litapita kwenye kiwanja cha mtu, naye atakuwa na haki ya kukataa. Nguzo ya umeme vivyo hivyo. Gari la kuvuta majitaka halitafika kabisa, kwa hiyo choo kikijaa kinachimbwa kingine, na mita za mraba 225 zinazidi kuliwa na mashimo.

Jina la mtaa, maisha ya kijiji

Kuna jambo lingine linalowaumiza wakazi wa pembezoni, nalo ni hadhi ya eneo lao.

Kijiji kina halmashauri ya kijiji yenye mamlaka ya kusimamia ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kina mkutano mkuu, kina nguvu ya kukataa. Mji ukitanuka na kijiji kikageuka mtaa, mamlaka hayo yanaondoka. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wananchi, hushuhudia, hugonga muhuri, lakini hana mamlaka ya kugawa ardhi wala kuipanga. Upangaji uko manispaa, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Mkazi anaamka akiwa mtu wa mjini kisheria, huku mbele ya nyumba yake kuna jaruba la mpunga.

Hadhi hiyo ina bei. Januari 2022, gharama ya kuunganishiwa umeme kwa mteja wa kawaida wa mjini ilirudishwa kuwa Sh320,960, huku wa kijijini akibaki kulipa Sh27,000. Kwa familia ya pembezoni mwa manispaa, tofauti ya karibu Sh294,000 ilitokana na mstari wa mpaka tu. Mji mzima wa Mpanda wenyewe ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya ujenzi wa njia ya umeme wa gridi kutoka Tabora. Kumdai mtu wa mtaa wenye sura ya kijiji bei ya mjini, katika mji ambao umeme wenyewe ulikuwa wa kusuasua, ni mzigo ambao wakazi wana haki ya kuulalamikia.

Kila upande una hoja yake

Mwenye shamba anahesabu hivi. Eka moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Akikata viwanja vya mita za mraba 400 bila barabara, anapata kumi. Akiacha barabara ya kueleweka, anabaki na vinane. Viwanja viwili ni ada ya shule ya mtoto, ni bati za nyumba yake, ni matibabu. Nani atamrudishia?

Ana hofu nyingine inayozidi hiyo. Anaamini akienda manispaa kuomba shamba lake lipangwe, litatwaliwa. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema anayetwaliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Maneno hayo ni mazuri, lakini amesikia habari za watu wa mikoa mingine waliofanyiwa uthamini na kusubiri miaka. Kwa hiyo anauza mapema, kipande kwa kipande, kabla mtu wa ofisini hajafika na ramani.

Manispaa nayo ina jibu. Ili itwae mashamba na kuyapima kabla ya watu kujenga, inahitaji fedha za fidia, wapimaji, maofisa mipango miji na vifaa. Halmashauri zetu nyingi hazina fedha hizo. Mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitenga Sh50 bilioni kuzikopesha halmashauri bila riba kwa kazi ya kupanga, kupima na kumilikisha. Ni hatua ya kupongezwa, lakini ukizigawa kwa mahitaji ya nchi nzima zinakwisha haraka.

Mnunuzi anajua kwamba kiwanja kilichopimwa ni bora. Hahitaji semina. Tatizo ni kwamba cha kupimwa kinauzwa kwa bei ya juu na kinatakiwa kulipiwa ndani ya muda mfupi, wakati cha hatua ishirini kinauzwa na mtu anayekubali nusu leo na nusu baada ya mpunga.

Dalali hupewa lawama zote. Sikubaliani. Dalali anafanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyejitokeza kuifanya: anamkutanisha mwenye ardhi na asiye nayo, kwa bei wanayoiweza, siku wanayoitaka. Ofisi ya ardhi ingekuwa nyepesi kama yeye, watu wangeikimbilia.

Dawa ya baada ya ugonjwa

Jibu la Serikali kwa miaka mingi limekuwa urasimishaji: watu wajenge, kisha wataalamu waje wapange palipojengwa, wapime, watoe hati. Mwaka 2013 ilianza programu ya miaka kumi ya kazi hiyo. Kampuni binafsi zilipewa jukumu katika mitaa mingi nchini, na ukomo wa mchango wa mwananchi ulishushwa hadi Sh150,000 kwa kiwanja baada ya malalamiko.

Mawaziri wa ardhi waliofuatana wamekiri hadharani kwamba baadhi ya kampuni zilikusanya fedha za wananchi na kuacha kazi njiani. Hata pale kazi ilipokamilika, barabara zilizopatikana mara nyingi zilikuwa vichochoro, kwa sababu kupanua njia kunataka mtu avunje ukuta wa chumba cha watoto wake, bila fidia, kwa hiari. Wachache wamefanya hivyo, na wanastahili heshima.

Dar es Salaam ilishatufundisha somo hili, tena katika maeneo mawili yanayotazamana. Katika miaka ya 1970, kwa mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, Sinza ilipimwa kwanza, watu wakajenga baadaye. Manzese ilikuwa imeshajengwa, ikaja kuboreshwa juu ya nyumba zilizokuwepo.  Nusu karne baadaye, Sinza ina barabara zinazokutana kwa pembe, maduka na wapangaji wa kila namna. Manzese, pamoja na uchangamfu wake mkubwa, bado inahangaika na njia. Tofauti ilianza siku bikoni zilipochimbiwa.

Muda ungalipo

Mpanda haijafika huko, na hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Ukitoka mjini kwenda Kakese, Kasokola au Mwamkulu, bado unapita mashamba makubwa yasiyokatwa. Kila moja lina mwenyewe anayejulikana kwa jina.

Njia ambayo haihitaji fidia kubwa ipo, na imewahi kutumika katika halmashauri kadhaa nchini: mwenye shamba anabaki kuwa mwenye shamba. Manispaa inachora na kupima, yeye anaachia ardhi ya barabara na huduma, na sehemu ya viwanja inafidia gharama za upimaji. Vinavyobaki ni vyake, vina namba, vina bikoni, auze atakavyo na lini atakapo, hata kwa nusu ya leo na nusu ya baada ya mpunga. Viwanja vinane vilivyopimwa vinaweza kumletea fedha kuliko kumi vya vijiti, kwa sababu mnunuzi mwenye uwezo hataki vijiti.

Ili aamini hayo, lazima aone kwanza. Manispaa ikichukua mashamba machache ya watu waliokubali, katika kata moja, ikayapima kiangazi kimoja na kuwakabidhi wenyewe viwanja vyao bila kuzungushwa, habari itasambaa kuliko tangazo lolote la redio. Na hata kabla ya upimaji kamili, mchoro wa barabara kuu za mtaa ungeweza kubandikwa kwenye ofisi ya kila mwenyekiti, ili mauziano yoyote yanayogongewa muhuri yaheshimu njia hizo. Mwenyekiti hana mamlaka ya kugawa ardhi, lakini anao uwezo wa kukataa kushuhudia mauziano yanayoziba barabara.

Shamba la eka kumi leo linahitaji mazungumzo na familia moja, chini ya mwembe, pengine kwa wiki mbili za kubishana. Likishakatwa, litahitaji mazungumzo na familia zaidi ya tisini, kila moja ikiwa na choo, kisima, kuta na makaburi ya kuyatetea. Mvua za Mpanda huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Kati ya mavuno na mvua zinazofuata ndipo mashamba yanapouzwa kwa wingi, na ndipo pia mpimaji anapoweza kuingia shambani bila kukanyaga mazao ya mtu.